Barua Yangu Juu ya Wavu wa Jirani

Nilikuwa mtoto wa kupenda sifa. Naanza na hilo kwa sababu najua msomaji mwema atataka kunitetea: alikuwa mdogo, ilikuwa vita, hakujua. Nilikuwa mdogo, ndiyo, na ilikuwa vita. Lakini kalamu niliishika mwenyewe, na nilijua vizuri nilichokuwa nakitafuta. Nilitaka barua yangu isomwe mbele ya darasa.

Tulikuwa tukikaa Baraka, mji wa ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma, katika nyumba za udongo zilizobanana kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole bila kutoka ndani. Shule ilifungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu vita vianze, hata hatukujua tena tuko muhula gani. Mwalimu wetu wa mwaka wa sita mshahara alikuwa ameusahau; wazazi walimpelekea mihogo na mafuta ya mawese, naye akaendelea kuja na shati lake lililopigwa pasi. Siku moja akatuambia kwamba kuna shule huko Ulaya ambayo watoto wake wanataka kuandikiana na sisi. Rafiki yake aliyekwenda kusoma huko ndiye aliyetuunganisha. Tutaandikiana juu ya mazingira, akasema, na neno hilo akaliandika ubaoni kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Tulitazamana. Mazingira kwetu hayakuwa kitu cha kuandikiwa barua. Ziwa lilikuwa la kuoga na kuvua, mlima ulikuwa wa kuni na mashamba, na tangu askari wawe wengi, mlima ulikuwa pia wa kuogopwa. Mwenzangu mmoja aliuliza kama tunaweza kuwaandikia habari za vita. Mwalimu akajibu kwamba barua zinasomwa bandarini kabla ya kuvuka, kwa hiyo tuandike habari za miti na samaki, maana miti na samaki havina chama. Maskini, aliamini hivyo. Nami niliamini pamoja naye.

Barua zilivuka ziwa kwa boti mpaka Kigoma, na kutoka hapo posta ndiyo iliyojua. Zilikawia sana. Za kwanza kutoka kwao zilipofika, darasa zima lilizinusa, kwa kuwa karatasi zao zilikuwa na harufu ya duka. Iliyoniangukia mimi iliandikwa na msichana wa umri wangu. Mwalimu alinisaidia kuisoma. Aliandika kwamba nyuma ya mtaa wao kuna mto, na juu ya mto kuna kiwanda, na kiwanda hicho kilimwaga maji machafu mpaka samaki wakaelea matumbo juu. Yeye na darasa lake wakaandika kwenye gazeti, wakubwa wa kiwanda wakaitwa, mto ukasafishwa. Chini kabisa, kwa wino wa kijani, akauliza: na kwenu, nani anaharibu ziwa?

Swali hilo lilinikalia kichwani. Mwenzangu alikuwa na kiwanda. Mimi sikuwa na kiwanda. Baraka nzima haikuwa na bomba la moshi, ukiacha lile la boti ya mizigo. Wanafunzi wengine waliandika kwamba ziwa letu ni zuri na maji yake ni mengi, basi, wakamaliza. Mimi nikaona barua za namna hiyo ni za wavivu. Nilihitaji mkosaji. Nikakaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa nikimtafuta, na wala sikuhitaji kutafuta mbali.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mama mjane mwenye watoto wadogo. Siku zile askari walikuwa wamekataza kuvua usiku kwa taa, wakisema taa ziwani zinaweza kuwa za adui. Bila taa hakuna ndagala, kwa sababu dagaa hao wa ziwa letu hufuata mwanga. Wanaume wakakaa ufukweni wakishona nyavu ambazo hazikuwa na kazi. Ndipo wanawake walipoanza kushona vyandarua vya mbu, vile vilivyogawiwa kwenye kituo cha afya, wakaviunganisha kwa uzi wa gunia mpaka vikawa wavu mrefu, ingawa sheria ilikataza. Alfajiri mjane alikuwa akiuburuta wavu wake kwenye maji ya magotini, karibu na mdomo wa mto, mahali ambapo samaki huzalia. Alichopata kilikuwa kidogo hata hakina umbo, macho tu na mkia. Kikipikwa kwa mawese na chumvi, kikawekwa kando ya bugali, kilitosha nyumba yake na sehemu ya yetu.

Niliandika hivi, nakumbuka kila neno: "Kwetu kuna mama mjane, jirani yetu, anayevua kwa chandarua mahali samaki wanapozalia. Anaua watoto wa samaki. Wavu wake anauficha jikoni chini ya maganda ya mihogo. Nimemwambia aache lakini hataki."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu. Sikuwahi kumwambia chochote, na jioni ile ile nilikula samaki wake nikarudia sahani. Tena kuna jambo ambalo sikuliandika kabisa. Wavu wa namna hiyo hauvutwi na mtu mmoja. Mjane alishika upande wa kuume, na upande wa kushoto, kila alfajiri, sketi ikiwa imefungwa kiunoni, alishika mama yangu.

Mwalimu aliisoma barua yangu mbele ya darasa. Alisema hii ndiyo barua yenye macho, wengine wanaandika wakiwa wamefumba. Akakaa nami kuigeuza kuwa Kifaransa, akaiweka juu kabisa ya bahasha kubwa. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya njia. Mama akaniuliza nina nini, nikamwambia mwalimu amenisifu, naye akanisifu pia bila kuuliza kwa nini.

Askari walikuja ufukweni asubuhi moja, kabla ya wiki mbili kupita. Aliyewaongoza alikuwa ofisa wa bandari, yule aliyejua Kifaransa na kupenda kukitumia. Hawakuuliza nyumba wala hawakupekua nyumba nyingine. Waliingia moja kwa moja katika jiko la mjane, wakapiga teke maganda ya mihogo, wakautoa wavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwetu na kikombe cha uji. Kikombe kikainama, uji ukanimwagikia mguuni na sikusikia moto wake mpaka baadaye.

Sitaki mtu afikiri kwamba waliwahurumia samaki. Walipata sababu, ndiyo yote, na siku zile sababu ilikuwa chakula chao. Wakamchukulia mbuzi na beseni la samaki, kisha wakauwasha wavu moto pale mchangani mbele yetu sote. Uliungua haraka, ukanuka vibaya.

"Hii nyavu muntu moja hawezi kuvuta," ofisa akasema. "Ule upande ingine anashikaka nani?"

Mama alikuwa amesimama karibu yake, mikono imekunjwa. Mjane hakumtazama hata kidogo.

"Mutoto yangu ya kwanza," akajibu.

Mtoto wake wa kwanza hakuwa na nguvu ya kuvuta hata mbuzi. Ofisa alicheka, akampiga mjane kofi moja, akageukia watu. "Musifikiri hatujue mambo yenu," akasema. "Iko muntu ya hapa hapa alituambia mpaka kwenye munafichaka."

Wakaondoka. Na kuanzia saa ile ufukwe wetu ulikuwa na swali moja tu: ni nani?

Mwalimu aliniita pembeni kesho yake, nyuma ya darasa. Uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa. Alisema bahasha ilifunguliwa bandarini, barua ya juu, yenye jina langu na la mtaa wetu, ndiyo iliyosomwa, na yeye ndiye aliyeiweka juu. "Usimwambie mutu," akasema. "Hata mama yako." Baada ya muda mfupi aliaga kwamba anakwenda Kilembwe kulima kwa ndugu zake, na sikumwona tena. Kabla hajaondoka aliwapa watoto wengine daftari zilizobaki. Mimi hakunipa, na nilimwelewa.

Sasa nije kwa mama wa mandazi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mstari wetu, upande wa msikiti. Alikuwa mwanamke wa familia ya Kiislamu ya pale pale ziwani, wazee wake wamezikwa Baraka tangu zamani. Mume alikuwa amemwacha kwa sababu hakuzaa. Alikaanga mandazi kila asubuhi, na mtoto aliyepita akimwamkia vizuri alipewa moja lililoungua. Sisi tulimwamkia vizuri sana. Tena alikuwa na mdomo. Kabla tu ya mambo haya aligombana na mjane juu ya mahali pa kuanika samaki mchangani, wakarushiana maneno ambayo ufukwe wote uliyasikia. Na askari, tuliowaita basoda, kama watu wengine, walinunua mandazi yake.

Hayo yalitosha. Aliyemtaja wa kwanza alikuwa mama yangu.

"Ni ule wa mandazi," alisema, amesimama katikati ya wanawake waliokuja kumpa mjane pole. "Njo yeye anazungumuzaka na basoda kila asubui. Kinywa chake hakifungake."

Nilishangaa jinsi alivyosema kwa nguvu. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti. Wanawake wakaitikia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akikumbuka kitu: siku alipomwona akicheka na askari, siku alipouliza bei ya chandarua. Mjane alilia, akasema hatamsamehe mpaka kaburini. Nami nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, nikichezea uzi wa nguo yangu, na nikasikia kitu kibaya ndani yangu ambacho lazima nikitaje kwa jina lake. Nilisikia nafuu.

Vita vilikuwa vimefanya kiberiti kuwa kitu adimu. Boti ikikosa kuja, mtaa mzima ulikosa njiti, kwa hiyo katika mstari wetu nyumba moja ililaza moto: makaa yalifunikwa kwa majivu usiku, asubuhi wengine wakaja na vigae kuomba. Nyumba hiyo ilikuwa yetu, kwa kuwa mama alijua kulaza moto kuliko wote. Kuomba moto na kupewa ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuamkiana. Aliyekuja alisimama kidogo, akaeleza alivyolala, akaulizwa watoto, akaondoka na kaa lake. Kumnyima mtu moto hakukuwahi kutokea, hata kati ya wake wenza.

Mama wa mandazi alikuja asubuhi iliyofuata na kigae chake kama kawaida. Mama akanisukuma mlangoni.

"Mwambie moto imezimika."

Nikatoka. Nyuma yangu moshi ulikuwa ukitoka kwenye paa letu, mweupe, mtu yeyote angeuona. Nikamwambia, "Mama anasema moto imezimika."

Aliutazama ule moshi, kisha akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Musalimie mama."

Alikuja tena kesho yake na keshokutwa, na kila mara mimi ndiye niliyetumwa. Wengine wote walikuwa wameambiwa wasimgawie. Akaanza kwenda mbali na kigae chake, mpaka nyuma ya soko, na mara nyingi aliporudi kaa lilikuwa limekufa njiani. Mandazi yake yakawa yanatoka jua likiwa limekwisha kupanda, wakati watu wamekula. Hata yalipotoka mapema, wanawake hawakununua, na watoto walikatazwa kumwamkia. Nilimwona akirudi ndani na beseni limejaa vile vile.

Siku moja alinikuta peke yangu kisimani. Alitua ndoo yake, akachutama mbele yangu ili uso wake ulingane na wangu.

"We mutoto, unajuaka kusema kweli," akasema. "Mi niliwakosea nini?"

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Barua yote ilinijaa kooni, wino na maganda ya mihogo na sifa za mwalimu, na nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Nilimjibu kwamba sijui. Akanitwika ndoo yangu kichwani, kwa sababu ilikuwa nzito, nikaenda zangu.

Katika hali hiyo ndipo jibu kutoka Ulaya lilipofika. Mwalimu hakuwapo tena; aliyenisomea alikuwa mwalimu wa darasa jingine ambaye hakujua kitu. Msichana yule aliandika kwamba barua yangu ilipita salama, ikasomwa kwao mbele ya shule nzima, watoto wakapiga makofi. Ofisa wa bandari alikuwa ameirudisha kwenye bahasha baada ya kuitumia, mtu mwenye adabu. Darasa lao lilichora picha kubwa ya ziwa letu, na kunitumia picha ndogo iliyofanana nayo: maji ya buluu, samaki wakubwa wenye tabasamu, na mimi nikiwa nimesimama ufukweni na nywele ndefu nisizokuwa nazo. Mama mjane hakuwamo. Akaniuliza swali moja: je, yule mama ameacha?

Nilijibu. Niliandika: "Ameacha." Neno lenyewe halikuwa la uongo, na ndiyo sababu nililichagua. Mjane alikuwa ameacha kuvua, alikuwa anakwenda kulima mashamba ya watu kwa mihogo ya siku ile, na watoto wake walikuwa wameanza kuwa na nywele nyekundu za njaa. Samaki wadogo wa mdomo wa mto walikuwa wanakua kwa amani. Sikuandika tena kwa msichana yule baada ya hapo. Sina uchungu naye. Aliuliza swali la mtoto aliyekaa mahali ambapo ukimtaja mkosaji, anaitwa ofisini, anasikilizwa, anarudi nyumbani kwake kula.

Kisha vita vikatufikia wenyewe. Ilikuwa mchana. Milio ilianza juu milimani, ikashuka, na watu wakashuka mbele ya milio. Mwenye boti mmoja, ndugu wa mjane, alikubali kutuvusha watu wa mstari wetu mpaka Tanzania. Tulijipakia na masufuria na magodoro, watoto katikati, wanawake pembeni. Nilikuwa nimekwisha kukaa, nimembeba mtoto wa mwisho wa mjane magotini, nilipomwona mama wa mandazi akija mbio mchangani. Alikuwa na kifurushi cha nguo na beseni lake limefunikwa kitambaa.

"Nafasi iko," mwenye boti akasema. Alikuwa mtu mpole.

Mjane akasimama ndani ya boti. "Akipanda yeye, mi nashuka na batoto yangu. Atatuuza na kule ngambo."

Wanawake wakaunga mkono. Mama yangu hakusema neno safari hii. Alinishika bega, akalibana, na vidole vyake vilikuwa vinaniumiza. Mimi nilikuwa karibu na mama wa mandazi kiasi cha kumgusa. Maneno yalikuwa machache tu, nimeyapanga mara nyingi tangu siku ile: si yeye, ni barua yangu. Yangesemwa kwa pumzi moja. Niliogopa mjane angenitupa majini. Niliogopa mama angepigwa. Lakini nikijichimba mpaka chini, hofu ya kwanza ilikuwa kwamba wote wangenitazama.

Mama wa mandazi hakuomba. Alitutazama, akaona nyuso zetu, akafunua beseni na kuninyooshea mimi niliyekuwa karibu.

"Batoto batakula mu njia," akasema.

Nililipokea. Boti ikasukumwa. Tulipokuwa katikati ya maji na watoto wakaanza kulia njaa, mandazi yaligawiwa, na hata mjane alikula, macho yake yakiwa kwingine. Mimi pia nilikula. Yalikuwa bado yana moto ndani.

Kambini, upande wa Tanzania, mjane alikuwa tena jirani yetu, turubai kwa turubai. Alikaa miaka kadhaa akaugua kifua. Mimi ndiye niliyempelekea maji na uji, kwa sababu alinipenda. Alisema nina moyo. Alipenda kusimulia habari ya wavu wake, na kila mara alimalizia kwa kumlaani mama wa mandazi. Nilimshikia kikombe na kusubiri amalize. Alikufa hivyo, akiamini hivyo, na kabla hajafa alinibariki kwa mkono wake juu ya kichwa changu. Sijui nini zaidi mtu anaweza kuiba.

Vita vilipotulia tukarudi Baraka. Nilikuwa mtu mzima, nimesomea ualimu kambini, nikapata darasa. Wiki ya kwanza nilikwenda sokoni nikamkuta. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina ukungu, lakini kikaangio kilikuwa mbele yake. Baada ya sisi kuondoka alikuwa ametembea kwa mguu mpaka Swima, akajificha kwa watu wasiomjua, akaishi. Nilinunua mandazi, nikakaa kwenye benchi lake mpaka wateja walipoisha, kisha nikamwambia yote. Barua, maganda, sifa, kisima, boti. Nadhani nilitazamia alie, au anitukane, au anisamehe. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

Alikuwa anageuza mandazi. Akamaliza kuyageuza.

"Sasa juu ya nini unaniambia miye?" akauliza. "Mi nilikuwa najua siku zote kama haikukuwa miye. Enda uambie bale benye balininyima moto. Useme jina yangu, basikie."

"Mjane amekwisha kufa, mama."

"Bengine bako," akasema. "Mama yako iko."

Jioni ile nilimwendea mama. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilipotaja barua hakuinua kichwa. Nilifikiri hajasikia, nikarudia.

"Nilisikia," akasema. "Ile siku basoda baliingia moja kwa moja mu maganda, miye nilikuangalia uso. Ukamwanga uji ku mguu na hukulia. Nikajua."

Nilimuuliza, kama ndivyo, kwa nini alimtaja mama wa mandazi.

"Na miye nitaje nani?" akasema. "Bangekuua, mwanangu. Na mi nilikuwa nashika ule upande ingine. Nyamaza. Ukisema yako, utasema na yangu."

Kwa hiyo sauti ile kubwa niliyoishangaa kwenye mkeka ilikuwa ya kunifunika mimi. Wanawake walifuata kwa sababu mama yangu aliongoza, na mama yangu aliongoza kwa sababu ya uso wangu. Nilitoka nje nikapasua kuni nyuma ya nyumba. Kisha nikarudi nikamsaidia kuchambua maharagwe, na hatukulizungumza tena.

Sikwenda kuwaambia wengine. Nilijiambia nitakwenda mama atakapoondoka duniani, na mama, Mungu ampe miaka, bado anaishi. Nilinunua mandazi kila siku kwa yule mwanamke. Hakunikataza wala hakuniuliza tena. Alinihesabia, akanipa, akamgeukia mteja mwingine. Wanafunzi wangu nawafundisha juu ya ziwa, nawaambia kweli kwamba vyandarua vinamaliza samaki, kwa sababu vinamaliza. Boti za ndagala sasa zinakwenda mbali sana na zinarudi na kidogo. Wakitaka kuandika ni nani anayevua hivyo, nawaambia waandike juu ya samaki tu. Wananiona mwalimu mwoga.

Mama wa mandazi alikufa msimu wa mvua uliopita. Nilikwenda mazikoni, nikasimama kando na wanawake, mbali kidogo na kaburi. Walikuwa wachache. Msichana mmoja, ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa wavu, alimuuliza bibi yake aliyesimama nyuma yangu, marehemu alikuwa nani. Bibi huyo alikuwa mmoja wa wale wa mstari wetu.

"Njo ule alikuwaka anauzisha batu kwa basoda," akamnong'oneza.

Nilisikia kila neno. Ningeweza kugeuka. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu, hakuna bunduki, hakuna boti. Niliendelea kutazama udongo ukitupwa.

Nimeandika haya sasa kwa sababu nimeshindwa kuyasema. Nimeyaandika kwa namna ambayo mama yangu hatajulikana, wala mimi, wala mjane, wala mwalimu. Yule mwanamke aliniomba kitu kimoja tu, kwamba jina lake litajwe mbele za watu. Nimefika mwisho wa maandishi haya, na jina lake sikuliandika.